Herufi za Wenye Macho

Wamisionari wa Leipzig walipojenga kituo chao hapa Shighatini mwaka 1900, walituletea kanisa na kitabu kwa pamoja. Sisi Wapare tunapenda kujisifu kwamba milima yetu ilipenda shule mapema, na majisifu hayo yana haki yake. Lakini vipofu wa milima hii walipata nini katika kitabu kile? Walipata kusomewa. Nukta nundu, yaani maandishi ya vipofu, ilikuwa imekwisha kukubaliwa Ufaransa kwa miaka 46, na ilibidi kungoja miaka 50 mingine, hadi 1950, ndipo Shule ya Vipofu ya Buigiri ianze kule Dodoma.

Siwalaumu sana wamisionari wale, kwa kuwa hawakujitangaza kuwa watetezi wa vipofu. Wanaonishangaza ni wale waliojitangaza.

Chukua Valentin Haüy. Mfaransa huyu aliwaona vipofu wakifanyiwa mzaha mbele ya umati mjini Paris mwaka 1771, roho ikamuuma, na mwaka 1785 akawafungulia shule. Alikuwa mtu mwema. Hilo halina ubishi. Vitabu alivyowatengenezea vilikuwa na herufi zilezile tunazosoma wewe na mimi, msomaji wangu, ila zimetokeza juu ya karatasi. Kidole kilizipapasa moja moja, taratibu mno, na kitabu chenyewe kilikuwa kizito cha kubebwa kwa mikono miwili. Mwalimu, lakini, alizisoma kwa kuzitupia jicho tu. Kwa maneno mengine, vitabu vya vipofu vilimfaa zaidi asiye kipofu.

Louis Braille aliingia shule hiyo mwaka 1819, akiwa na miaka 10. Alipofika miaka 15 alikuwa amekwisha kubuni maandishi ya nukta sita ambayo kidole kinayapita mbio, na ambayo kipofu anaweza kuyaandika mwenyewe. Ungedhani shule ingepiga vigelegele. La hasha! Baadaye Braille alikuwa mwalimu palepale, na bado katika miaka ya 1840 mkuu wa shule, Pierre-Armand Dufau, aliyapiga marufuku maandishi yake. Hoja ilikuwa kwamba maandishi ambayo wenye macho hawayajui yangewatenga vipofu na jamii. Wanafunzi wakaendelea nayo kwa siri. Braille alifariki Januari 1852. Ilipofika 1854 ndipo yakakubaliwa rasmi.

Viziwi nao yaliwapata. Septemba 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia. Kati ya wajumbe 164, kiziwi alikuwa mmoja tu, James Denison wa Marekani. Waliamua kwamba mtoto kiziwi afundishwe kwa kusema na kutazama midomo, lugha ya alama iachwe. Uamuzi huo ulisafiri mbali. Shule yetu ya kwanza ya viziwi, ile ya Tabora ya mwaka 1963, nayo ilianza kwa kufundisha kusema. Mkutano uliorithi ule wa Milan ulitamka majuto yake huko Vancouver mwaka 2010, miaka 130 baadaye. Huo ni umri wa watu wawili!

Mwaka huohuo wa 2010 Tanzania ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, baada ya kuridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 2009. Kifungu cha 9 cha mkataba huo kinataja hata intaneti. Nao wataalamu wa mtandao walikwisha kutoa mwongozo wao tangu Mei 1999, na agizo lake la kwanza ni jepesi: kila picha iandamane na maandishi yanayoieleza. Sababu ni kwamba simu ya asiyeona husoma maandishi kwa sauti, lakini mbele ya picha hukwama.

Jirani yangu mmoja, mzee asiyeona, ana simu ya namna hiyo, na anaitumia kwa wepesi unaonishinda mimi. Siku moja alitaka kusoma tangazo la haki za walemavu katika tovuti ya chama kimoja kinachowatetea. Jina la chama halina haja. Tangazo lote, pamoja na namba ya kupiga, lilikuwa limechorwa ndani ya picha, nzuri, ya rangi nne.

“Mwalimu,” akaniambia, “hii inasema ‘picha’. Nikiigusa tena, ‘picha’.”

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, ni kweli, lakini chama kile kina wanachama wasioona, wanaokilalia kila siku. Kabla ya kulitoa tangazo, kumpa mmoja wao simu alijaribu kungechukua dakika tano. Mzee aliita mjukuu wake amsomee.