Antena ya Nyumbani: Namna ya Kupata Televisheni za Uganda Bila Ada ya Mwezi

Wapo watu wengi nchini Uganda, mijini na vijijini, wanaodhani kwamba siku kifurushi kinapomalizika ndiyo siku ya kuzima televisheni. Dhana hiyo si sahihi. Matangazo ya shirika la umma, UBC, pamoja na ya vituo binafsi kama NTV, NBS na Bukedde, hurushwa hewani bila kufungwa. Mwenye antena na televisheni inayofaa huyapokea pasipo kulipa ada ya kila mwezi, ingawa idadi ya kanali hutofautiana kati ya eneo na eneo.

Kutoka analojia hadi dijitali

Televisheni ilianza nchini Uganda mwaka 1963, na kwa miongo kadhaa ilirushwa kwa mfumo wa analojia. Mkataba uliofikiwa Geneva mwaka 2006 uliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulindwa kwa mitambo mingi ya mfumo huo katika Afrika na Ulaya, na Uganda ikaanza kuizima mwaka huohuo. Tangu hapo vituo vya nchini havihitaji kila kimoja kuwa na mnara wake. Kampuni ya Signet, iliyoanzishwa chini ya UBC, hukusanya kanali nyingi na kuzirusha kwa pamoja.

Televisheni inayofaa

Mfumo unaotumika Uganda huitwa DVB-T2. Televisheni yenye kipokezi cha T2 ndani yake haihitaji king'amuzi. Isiyo nacho huunganishwa na king'amuzi cha T2 kisicho na kadi ya malipo. Kenya na Rwanda nazo hutumia mfumo huo, hivyo televisheni ya T2 iliyonunuliwa Nairobi au Kigali hufanya kazi Kampala. Mnunuzi wa televisheni iliyotumika yafaa awe mwangalifu: zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani, Japani au China hufuata mifumo mingine, na baadhi ya zile kuukuu za Ulaya huishia kwenye DVB-T, isiyoweza kusoma T2.

Antena ipi?

Ungo wa setilaiti si wa kazi hii. Kinachotakiwa ni antena ya kawaida ya masafa ya UHF, na maneno "antena ya dijitali" yaliyoandikwa kwenye boksi hayaongezi kitu, kwa kuwa antena haitofautishi wimbi la analojia na la dijitali. Katika masafa ya megahezi 500, urefu wa wimbi ni sentimita 60, na kijiti kinachopokea huwa karibu nusu yake, yaani sentimita 30. Antena ya zamani yenye vijiti vya kadiri hiyo, ikiwa haijaliwa na kutu, bado inafaa. Aliye karibu na mnara huweza kutosheka na antena ndogo ya ndani. Aliye mbali huhitaji ya nje, iliyoinuliwa juu ya paa.

Mwelekeo na kimo

Antena hupaswa kuelekezwa kwenye mnara. Kwa Kampala, minara ya utangazaji iko katika kilima cha Kololo. Mkazi wa Entebbe ataelekeza antena yake kaskazini mashariki, na wa Mukono ataielekeza magharibi. Aliye bondeni Bwaise huenda akazibiwa na kilima cha Mulago. Huyo huhitaji mlingoti mrefu zaidi. Ni vyema pia kutazama antena za majirani wanaopata picha safi: zinaelekea wapi, na vijiti vyake vimelala au vimesimama.

Zamani mawimbi yalipopungua picha ilijaa chenga, lakini iliendelea kuonekana. Katika dijitali hakuna chenga: picha huwa safi, kisha hukatika vipande vya mraba, kisha hutoweka kabisa. Kwa hiyo kioo kitupu si dalili kwamba eneo halina matangazo. Huenda antena ikahitaji kusogezwa kidogo tu.

Waya na kutafuta kanali

Waya uwe wa antena, wa omu 75, mfupi kadiri iwezekanavyo na usio na viungo vingi. Kugawa waya mmoja kwa televisheni mbili hupunguza nguvu inayofika kwa kila moja kwa nusu au zaidi. Kikuza mawimbi husaidia pale waya ulipo mrefu, nacho hufungwa karibu na antena. Hakiwezi kuumba mawimbi yasiyokuwapo, na karibu na mnara huweza kuharibu mapokezi.

Baada ya kuunganisha, fungua menyu ya televisheni, chagua antena badala ya kebo au setilaiti, kisha anzisha utafutaji wa kanali. Rudia kila unapobadili mwelekeo wa antena.

Tahadhari

Mlingoti wa chuma ukigusa waya wa umeme huua. Usiusimamishe mahali ambapo ukianguka utafikia nyaya hizo, wala usipande juu ya paa wakati wa mvua. Radi zinapoanza kukaribia, chomoa televisheni kwenye umeme. Waya wa antena uwe umechomolewa kabla mawingu hayajatanda.

Kabla ya kununua king'amuzi cha kampuni ya kulipia, muulize muuzaji swali moja: kifurushi kikiisha, kanali za bure hubaki? Jibu lake lina uzito. Shule zilipofungwa kuanzia Machi 2020 kwa sababu ya korona, sehemu ya masomo ilipitishwa kwenye redio na televisheni. Nyumba yenye antena yake haikulazimika kuchagua kati ya kifurushi na unga.