Nyoka huyu dume au jike? Watu walivyohangaika

Wadau, ukikuta nyoka wawili porini wamesimama nusu mwili, wamejisokota kama kamba, utasema nini? Wengi tutasema wanapandana, kisha tutatimua mbio. Wataalamu nao waliamini hivyo kwa miaka mingi, hasa kwa wale nyoka wa Marekani wenye njuga mkiani. Mwaka 1948 Charles Shaw, wa bustani ya wanyama ya San Diego, aliandika kwamba ile "ngoma" huchezwa na madume wawili! Ni mieleka. Kila mmoja anatafuta kumlaza mwenzake kichwa chini. Koboko wetu, black mamba, naye ana mchezo huo huo.

Kupandana kwenyewe hakuna makeke. Dume hufuata harufu ya jike akiionja kwa ulimi, humlalia mgongoni, humsugua kwa kidevu, kisha huzungusha mkia wake hadi ukutane na wa jike. Basi.

Kwa wanaofuga, kosa hapa ni ghali. Unauziwa "mke na mume", unasubiri mayai mwaka wa kwanza, wa pili, kumbe umefuga madume wawili wanaogombana! Kwa nje nyoka haoneshi kitu. Dume ana uume mara mbili (ndiyo, miwili, ila hutumia mmoja kwa wakati), umefichwa ndani ya mkia nyuma ya tundu la haja. Ndiyo maana mkia wa dume mara nyingi ni mrefu zaidi na mnene pale unapoanzia. Njia iliyozoeleka ni kuingiza kijiti chembamba cha chuma, butu na kilicholainishwa, kuelekea ncha ya mkia. Kwa jike kinagota mapema, kwa dume kinazama, na kina chake kinahesabiwa kwa magamba ya chini ya mkia. Mwenye mkono mzito atamuumiza nyoka, na akisukuma kwa nguvu atamgeuza jike kuwa dume kwenye daftari lake. Mwachie anayejua.

Hata maabara zilibabaika. Mwaka 1964 Willy Beçak na Maria Luiza Beçak wa Instituto Butantan, São Paulo, pamoja na Susumu Ohno, walilinganisha kromosomu za nyoka mbalimbali. Kwa wenye sumu kama vipiri, jike alionekana ana kromosomu mbili zisizofanana, Z na W, kama ilivyo kwa kuku. Kwa boa zilionekana zinafanana tu. Ikachukuliwa kwamba boa na chatu nao ni Z na W, ila hazijaachana sana, na wazo hilo likakaa vitabuni nusu karne.

Mwaka 2010 ikatangazwa habari ya boa jike aliyezaa bila dume, watoto wote majike. Kwa hesabu ya Z na W, watoto hao walipaswa kuwa WW, kitu cha ajabu kweli. Mwaka 2017 Tony Gamble na wenzake wakapima vinasaba na kukuta boa na chatu wa Burma wana X na Y, kama sisi! Wale watoto walikuwa XX tu, majike wa kawaida. Wafugaji wa chatu mdogo wa Afrika Magharibi, anayesafirishwa kwa wingi kutoka Ghana, Togo na Benin, nao walikuwa wameona kitu: dume mwenye rangi iitwayo "banana" akiirithi kwa baba yake, huipitisha zaidi kwa watoto wa kiume, na akiirithi kwa mama, kwa wa kike.

La mwisho (samahani kwa lugha) ni kisimi. Uume wa nyoka ulichorwa na kuelezwa miaka nenda rudi, lakini cha jike kilielezwa ipasavyo Desemba 2022, na Megan Folwell wa Chuo Kikuu cha Adelaide na wenzake, katika aina tisa za nyoka. Kabla ya hapo kilikuwa kikidhaniwa tezi za harufu, au uume uliodumaa. Kimekutwa na mishipa ya fahamu, na sasa watafiti wanajiuliza kama kule kusuguana mikia ni namna ya dume kumbembeleza jike akubali.