Habari katika Njia ya Misafara: Tabora na Utafiti wa Mifumo ya Taarifa

Utafiti wa mifumo ya taarifa hudhaniwa na wengi kuwa ni mtoto wa kompyuta. Dhana hiyo yaipunguzia elimu hii umri wake. Maswali yake makubwa, yaani habari hukusanywaje, huunganishwa na nani, na kama humrudia yule aliyeitoa, yalikuwa yakiulizwa Tabora, tena kwa hasara, tangu siku za misafara ya pembe.

Wakati ule Tabora, ambayo wageni waliiita Kaze, ilikuwa njia panda ya bara. Msafara uliotoka Bagamoyo ulipita Ugogo, ukalipa hongo, ukafika Unyanyembe. Na hapo njia ziligawanyika, moja ikaelekea Ujiji, moja ikapanda kaskazini hata Karagwe na Buganda, na nyingine ikashuka kusini-magharibi. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe ndio waliobeba na habari. Walibeba na ndui pia, kwa kuwa njia haichagui mzigo.

Mfano ulio bora wa habari kuharibika katika kuunganishwa ni ramani ya wamisionari Erhardt na Rebmann, iliyowafikia wataalamu wa jiografia wa London mwaka 1856. Erhardt alikuwa amekaa Tanga akiwauliza wafanya biashara waliokwenda bara. Wa njia ya kaskazini walisema kwamba safari yao ilikoma penye maji makubwa. Wa njia ya Ujiji wakasema hivyo hivyo. Na wa njia ya Kilwa vilevile. Wamisionari wakayafanya maji hayo yote kuwa ziwa moja, refu na nene, na hata watu wakalifananisha na konokono asiye na gamba. Hapana mmoja katika hao walioulizwa aliyesema uongo. Kosa lilikuwa katika kuunganisha, na hapana shaka lugha nayo ilichangia: nyanza, nyanja na nyasa ni neno moja katika matamshi mbalimbali, na asili yake si jina la ziwa fulani, bali ni maji makubwa yoyote. Mwenye kuuliza jina akapewa maana, naye akaiandika kama jina.

Aliyeufungua mshono huo alikuwa mkazi wa Kaze. Burton na Speke walifika huko tarehe 7 Novemba 1857, baada ya zaidi ya miezi minne njiani, wakakaribishwa na Snay bin Amir, Mharthi, ambaye alianza maisha yake Muscat kwa kutengeneza vitu vitamu, kisha akatajirika kwa pembe na kwa watumwa. (Utajiri huo wa pili haufai kupitwa kimya anaposifiwa kwa elimu yake.) Yeye mwenyewe alikuwa amefika Buganda mwaka 1852, na watu wa kila njia walipita mlangoni pake. Alipoonyeshwa ramani alieleza kwamba ziwa la Ujiji ni mbali, la kusini ni mbali, na la kaskazini ni jingine tena, kubwa kuliko la Ujiji. Speke akaifuata habari hiyo, akaondoka Kaze mwezi Julai 1858, na tarehe 3 Agosti akayaona maji ya Nyanza. Heshima ya jambo hilo ilikwenda Ulaya. Mtu aliyekaa pale njia zinapokutana, akaweza kulinganisha masimulizi, hutajwa katika vitabu kama mwenyeji mkarimu tu.

Mfano wa pili ni wa barua. Mwaka 1871 Stanley alikuta Unyanyembe mzigo wa Livingstone uliotumwa kutoka Unguja, pamoja na mfuko wa barua ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Mzigo huo ulikuwa umelala Bagamoyo hata mwezi Februari. Kisha ulipofika Unyanyembe ukakwama, maana Mirambo alikuwa akipigana na Waarabu wa Tabora na njia ya Ujiji ilifungwa. Mfuko ulimfikia Livingstone mkononi mwa Stanley katika Novemba 1871, yapata mwaka mzima tangu kuandikwa tarehe yake. Urefu wa njia hautoshi kuueleza mwaka huo. Kulikuwa na vita, na kulikuwa na uzembe. Lakini zaidi ya hayo, njia haikuwa na desturi ya jibu. Livingstone alikuwa Ujiji, amedhoofika na amekosa mali, asijue kwamba haja yake iko Unyanyembe.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na barua zikaacha kwenda kwa miguu. Desturi ya jibu haikuja pamoja na garimoshi. Daftari za serikali za kikoloni zilihesabu vichwa na kodi, hesabu zikapanda kwenda juu, na huko juu zikabaki.

Hapo ndipo utafiti wa siku hizi ulipoligusa donda lenyewe. Katika miaka ya 1990 Tanzania ilianzisha MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, wenye vitabu vya kujazwa katika kila zahanati. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Oslo, walipouchunguza walikuta kwamba muuguzi anajaza kwa juhudi takwimu ambazo yeye mwenyewe hazimsaidii, kwa kuwa zinaondoka kwenda wilayani na hazirudi na dawa wala ushauri. Mwenye kuandika asichokitumia hukiandika vibaya. Hilo halihitaji shahada kulifahamu, ila ilihitaji utafiti kulithibitisha mbele ya wakubwa.

Jaribio moja lilifanywa penye njia ile ile ya kale. Tangu Septemba 2009 hata Februari 2010, kwa majuma 21, zahanati, vituo vya afya na hospitali 129 za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini ziliulizwa kila juma, kwa ujumbe mfupi wa simu ya mkononi, zimebakiwa na dawa kiasi gani za malaria. Kigoma Vijijini wakati ule ilikuwa bado na Uvinza ndani yake, pamoja na chumvi yake iliyojulikana sana na wapagazi. Aliyejibu alitunukiwa muda wa maongezi, na hesabu zilionekana papo hapo kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, ambaye aliweza kuhamisha dawa kutoka palipozidi kwenda palipopungua. Mwanzoni vituo 78 katika kila 100 vilikosa angalau aina moja ya dawa hizo. Mwishoni ni 26. Lindi Vijijini upungufu ulitoka asilimia 57 ukafika sifuri.

Kigoma Vijijini ulitoka asilimia 93 ukafika 47 tu. Maana yake ni kwamba katika juma la mwisho la jaribio, karibu nusu ya vituo vya wilaya hiyo vilijulikana, kila kimoja kwa jina lake na kwa dawa iliyokosekana, na mama aliyemleta mtoto mwenye homa alikuwa bado akingoja mzigo ufike.