Utando Uliochanika

Ugonjwa wa Duchenne hula misuli ya wavulana tangu utotoni. Mtoto huchelewa kutembea, huangukaanguka, hupanda ngazi kwa shida, na wengi huwa hawatembei tena wanapofikia umri wa miaka 13. Humpata mvulana mmoja katika kila 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa, na chanzo chake ni hitilafu ya jeni moja tu.

Desemba 1851 Edward Meryon, daktari wa London, aliwaeleza matabibu wenzake habari za wavulana wa familia moja waliodhoofika mmoja baada ya mwingine, huku dada zao wakiwa wazima. Mmoja alipofariki, Meryon aliuchunguza mwili. Uti wa mgongo na neva alivikuta salama. Maradhi yalikuwa ndani ya msuli wenyewe. Chini ya hadubini nyuzi za msuli zilikuwa zimegeuka chembechembe na matone ya mafuta, na utando mwembamba unaofunika kila uzi ulikuwa umechanika. Alikuwa amekigusa kiini cha jambo, lakini jina la ugonjwa lilikwenda kwa mwingine.

Guillaume Duchenne wa Paris alidhani mwaka 1861 kwamba kasoro iko kwenye ubongo. Kisha akabuni sindano ya kuchomoa kipande kidogo cha msuli wa mtoto aliye hai, na humo akaona kwamba mashavu ya miguu yaliyonona kama ya mtoto mwenye nguvu yamejaa mafuta na kovu. Mwaka 1868 aliiacha dhana yake ya kwanza, uungwana ambao si kila bingwa huwa nao.

William Gowers, mwaka 1879, alieleza namna watoto hawa wanavyoinuka. Mtoto hugeuka kifudifudi, huweka viganja na nyayo sakafuni, huinua makalio, kisha hushika magoti, halafu mapaja, akipanda mwili wake mwenyewe kwa mikono mpaka asimame. Madaktari bado humwomba mtoto akae chini kisha ainuke, wamtazame.

Jeni yenyewe ilipatikana Boston mwaka 1986 na kikundi cha Louis Kunkel. Iko kwenye kromosomu ya X. Mvulana anayo X moja tu, hana akiba. Jeni hiyo ina herufi zaidi ya milioni 2, mojawapo ya jeni ndefu kuliko zote za binadamu. Mwaka uliofuata ilitambuliwa protini inayotokana nayo, ikaitwa distrofini.

Swali likawa: vipi protini moja ikosekane na msuli mzima uporomoke? Kikundi cha Kevin Campbell huko Iowa kilionyesha kwamba distrofini haiishi peke yake. Upande mmoja imeshika nyuzi za aktini ndani ya seli. Upande wa pili imeshika kundi la protini zilizopenya utando hadi nje. Ikikosekana, wenzake nao hupungua pale utandoni, ingawa jeni zao ni nzima. Msuli unapojikunja, utando usio na nanga huchanika, kalsiamu huingia kwa wingi na kuamsha vimeng'enya vinavyoila seli kutoka ndani. Hata kimeng'enya kinachotengeneza gesi ya kupanua mishipa ya damu hupoteza mahali pake, na msuli unaofanya kazi hukosa damu ya kutosha. Seli za akiba hukarabati tena na tena, mpaka zinashindwa, na mafuta yanachukua nafasi.

Mwaka 1990 watafiti wa Uingereza walimweleza mgonjwa wa aina nyepesi, iitwayo Becker, aliyekosa karibu nusu ya sehemu ya jeni inayounda protini, na bado alitembea akiwa na miaka 61. Ncha mbili za distrofini yake zilikuwepo, nanga ilishika. Katika tiba ya jeni, kirusi kinachotumika kubeba jeni hakiwezi kuibeba jeni nzima ya distrofini, hivyo watafiti waliifupisha kwa kufuata mfano huo. Tiba ya kwanza ya namna hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2023. Hairudishi nyuzi zilizokwisha kufa.