Nguvu Isiyopimwa: Uonevu wa Vijana katika Takwimu za Afya ya Jamii

Mwaka 2011 utafiti wa Marekani kuhusu mienendo hatarishi ya vijana ulionesha kuwa asilimia 20.1 ya wanafunzi wa sekondari walionewa shuleni ndani ya miezi 12. Mwaka huohuo, utafiti mwingine wa taifa hilo, ule wa wahanga wa uhalifu, ulipata asilimia 27.8. Umri wa waliohojiwa haukulingana kabisa, lakini hata kuuliza kulitofautiana: wa kwanza ulitaka ndiyo au hapana, wa pili ulitaja kitendo kimoja kimoja, kuanzia kutukanwa hadi kuharibiwa mali.

Mwaka 2014 taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilitoa fasili moja ya uonevu: uchokozi usiotakiwa, unaofanywa na kijana asiye ndugu wala mpenzi wa anayetendewa, wenye tofauti ya nguvu, na unaojirudia au unaoelekea kujirudia. Mizizi yake iko kwa mwanasaikolojia Dan Olweus, aliyefanya sehemu kubwa ya utafiti wake Bergen, Norwei. Naikubali fasili hiyo. Ninacholalamikia ni kwamba dodoso likifika darasani, suala la nguvu linapotea.

Tazama utafiti wa afya ya wanafunzi unaosimamiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO), uliofanyika pia Tanzania na Kenya. Dodoso lake la awali lilieleza kwamba ugomvi wa wanafunzi wenye nguvu sawa si uonevu, kisha liliuliza ni siku ngapi kati ya 30 zilizopita mwanafunzi ameonewa. Kwa kawaida anayejibu hata siku moja huhesabiwa kuwa ameonewa, ilhali Solberg na Olweus walipendekeza mwaka 2003 kizingiti cha mara mbili au tatu kwa mwezi. Nguvu ameachiwa mtoto aipime mwenyewe, kwa sentensi moja aliyoisoma harakaharaka.

Sasa ingia bweni la wavulana. Njuka wa kidato cha kwanza anafua mashati ya kaka wa kidato cha nne kila Jumamosi, anamchotea maji, na sukari iliyomo kwenye tranka lake inachotwa bila kuombwa. Anayemtuma ni kiranja, na cheo amepewa na mwalimu. Akiulizwa kama ameonewa, njuka huyu anaweza kabisa kujibu siku sifuri, maana kwake huo ndio utaratibu wa bweni. Jirani yake aliyepigana na mwanafunzi wa darasa lake wakigombea ndoo ataandika siku moja, naye atahesabiwa. Takwimu imemkosa yuleyule tuliyemtafuta.

Kwa hiyo vitendo vitajwe kwanza, bila kuviita uonevu. Kisha yafuate maswali mafupi: aliyekutendea yuko kidato gani, ana cheo gani, walikuwa wangapi, na je, ungeweza kukataa bila kuadhibiwa? Wapo watakaosema hilo litavunja ulinganisho na miaka iliyopita. Ni kweli, na ndiyo maana swali la zamani libaki kando ya mapya kwa awamu kadhaa. Majibu yakimtaja kiranja mara kwa mara, wizara ya elimu haitaweza tena kutosheka na semina za wanafunzi. Itabidi iandike upya kanuni za ukiranja.