Mlango wa Pili: Watoto wa Lokandu na Njia ya Sekondari

Kila mwaka masomo yanapofungwa, iko siku moja ambayo ni furaha kwa wengine na machozi kwa wengine. Ndiyo siku ya proklamasio. Direkta asimama mbele ya wazazi na watoto, aita majina kwa kufuata pointi walizopata. Mama huyu apiga vigelegele, mama yule ainamisha kichwa. Kisha kila mtoto aenda nyumbani na buletini yake mkononi, na mara nyingi jioni ile ile buletini yatiwa sandukuni, habari ikaisha.

Lakini kwa mtoto aliyemaliza darasa la nane, habari haijaisha; ndiyo kwanza inaanza. Mlango wa kwanza ulikuwa ule wa kuanza kusoma. Sasa yuko mbele ya mlango wa pili, ule wa miaka minne ya sekondari ya juu, ambayo huku kwetu huitwa umanite. Leo twataka kueleza mlango huu ulijengwaje, maana kwa muda mrefu ulikuwa umefungwa mbele ya watoto wa Lualaba, na hata leo wako wanaoukuta wazi wakashindwa kuingia.

Zamani za Riba-Riba

Lokandu, mtu akishuka na maji ya Lualaba kutoka Kindu, zamani iliitwa Riba-Riba. Ilikuwa kituo cha wafanyabiashara waliotoka upande wa pwani na Unguja, pamoja na Waungwana wao. Pembe za ndovu zilipita hapo, na watumwa pia. Jambo hilo hatuwezi kulificha. Mwaka 1892 Mbelgiji Hodister aliuawa pamoja na wenzake katika safari yao ya upande huo. Vita vya Serikali ya Kongo na Waarabu vikaendelea: Nyangwe na Kasongo zilitekwa mwaka 1893, na mwaka 1894 vita vikamalizika. Baadaye Lokandu ikajulikana kwa kambi yake ya askari.

Vita vilipita, lugha ikabaki. Kiswahili chetu cha Maniema, ambacho wengi walikiita Kingwana, kikawa lugha ya soko, ya mtoni na ya kambini. Tena walimu wa Kurani walikuwa wamekwisha kuwazoeza watoto kadhaa wa nchi hii kukaa mbele ya mwalimu na kusoma herufi. Mapadri Weupe walipofungua misioni yao Kasongo mwaka 1903, hawakukuta nchi isiyojua maana ya kitabu.

Tarehe 26 Mei 1906 Roma na Serikali ya Leopold II zilipatana kwamba misioni zitapewa ardhi, nazo zifungue masomo, hasa ya kilimo na kazi za mikono. Kutokana na mapatano hayo, masomo ya vijijini yalienea. Mwalimu alikuwa katekista. Mtoto aliyeweza kusoma katekisimu, kuandika barua na kuhesabu fedha za baba yake alihesabiwa kuwa amesoma. Na kwa wengi njia iliishia hapo. Akili za watoto hazikwisha. Masomo ya mbele ndiyo hayakuwapo.

Njia moja tu

Miaka ile, kijana aliyetaka kusoma zaidi alikuwa na njia moja kubwa, nayo ni seminari. Tumkumbuke Padri Stefano Kaoze, mtu wa nchi ya Marungu karibu na ziwa Tanganika. Alisoma Kilatini, falsafa na teolojia kwa miaka mingi, na tarehe 21 Julai 1917 Askofu Roelens alimpa upadri huko Baudouinville, ambayo leo ni Moba. Ndiye padri wa kwanza wa Kongo ya nyakati zetu. Hata kabla ya upadri, maandiko yake yalikuwa yamechapwa kwa Kifaransa. Basi, nani atasema kwamba watoto wa nchi hii hawakuweza masomo makubwa? Kaoze alifunguliwa mlango, naye akapita. Maelfu ya rika lake hawakufunguliwa.

Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilitoa mpango mpya. Kwa mara ya kwanza ulipanga sekondari kamili ya miaka sita kwa watoto wa Kongo, pamoja na masomo ya ualimu na masomo mafupi ya makarani. Lakini mpango huo uliwagawa watoto mapema. Katika shule za msingi wachache waliwekwa kwenye madarasa ya wateule, wapate kuendelea. Wengine waliwekwa kwenye madarasa ya kawaida, warudi shambani au kazini. Mtoto mwenyewe hakuulizwa, na mzazi hakuulizwa. Tena aliyefundishwa kwa Kiswahili tu hakuwa na nguvu mbele ya sekondari iliyosema Kifaransa. Na wasichana je? Wengi wao walielekezwa kwenye masomo ya kazi za nyumbani, na sekondari kamili ikabaki mbali nao.

Chuo Kikuu cha Lovanium kilianza mwaka 1954. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba siku ile Wakongo waliomaliza chuo kikuu walikuwa 16 tu katika nchi nzima. Hayo ndiyo matunda ya mlango uliofunguliwa kidogo, tena kwa kuchelewa.

Miaka miwili ya kumjua mtoto

Baada ya uhuru, sekondari ilitengenezwa upya. Tangu matengenezo ya miaka ya 1961 na 1962, miaka miwili ya kwanza ya sekondari ilifanywa kuwa ya watoto wote pamoja. Iliitwa miaka ya kuelekeza. Tuliangalie neno hilo vizuri, maana wengi wamelisahau. Miaka hiyo haikuwekwa ili kurefusha masomo. Iliwekwa ili walimu wamtazame mtoto: ana nguvu wapi, ana udhaifu wapi, apenda nini. Baada ya kumjua, ndipo wamshauri njia ya miaka minne iliyobaki, iwe ya sayansi, ya ualimu, ya biashara, au ya ufundi.

Basi tofauti na mpango wa 1948 ni hii: zamani mtoto aligawiwa kabla hajajulikana, sasa yatakiwa ajulikane kwanza.

Tangu hapo masomo yetu yalipata mateso mengi. Mwaka 1964 maasi ya Simba yaliingia Kindu, na masomo ya Maniema yalivunjika. Mwaka 1967 uliwekwa Mtihani wa Serikali mwishoni mwa sekondari, ule unaompa kijana diploma. Mwisho wa mwaka 1974 serikali iliyachukua masomo ya Kanisa. Tarehe 26 Februari 1977 ikapatana na makanisa, yakarudi kuyaongoza kwa niaba ya taifa. Katika miaka ya 1990 mishahara ya walimu ilikwama, wazazi wakaanza kuwalipa walimu kwa mifuko yao wenyewe. Kisha vita vya tangu 1998 hadi 2003 vikaifunga Kindu. Lakini katika taabu hizo zote, ile miaka miwili ya kuelekeza haikufutwa.

Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 iliiunganisha na shule ya msingi. Miaka 6 ya msingi pamoja na hiyo 2 yafanya miaka 8 ya elimu ya msingi kwa kila mtoto. Ndiyo maana leo twasema darasa la saba na la nane. Mwishoni mwa darasa la nane uko mtihani wa taifa wa kuwachagua na kuwaelekeza wanafunzi, ambao watu huuita TENASOSP. Lakini masomo ya bure yaliyoanza mwaka 2019 yalikuwa kwa ile miaka 6 ya kwanza. Kwa nyumba nyingi gharama huanza kuuma darasa la saba, mahali pale pale ambapo zamani njia ilikatika.

Tufanye nini?

Historia hii yatufundisha neno moja: watoto wetu wengi walizuiwa mlangoni si kwa kukosa akili, bali kwa kuwa hakuna aliyewatengenezea njia mapema. Zamani kosa lilikuwa la watawala. Leo sehemu yake ni yetu.

Kwanza, tuisome buletini. Jumla peke yake haitoshi. Tuchukue mfano wa mtoto aliyepata 58 kwa mia. Baba aona amepita, afurahi, amwambia: utakwenda sayansi, uwe daktari. Lakini ndani ya buletini hesabu ni 38, na Kifaransa ni 74. Mtoto huyo akipelekwa sayansi bila msaada, mwaka ujao atarudia darasa, na mwaka wa pili ataacha. Mwingine amepata 46, akaitwa mvivu. Tuulize kwanza: siku ngapi alikosa masomo kwa sababu ya kuvuna mpunga? Basi tusingoje proklamasio. Buletini za katikati ya mwaka zilikwisha kutuambia.

Pili, tuwaone walimu. Mwalimu wa darasa la nane amemtazama mtoto mwaka mzima. Mzazi asione haya kwa kuwa hakusoma. Aulize: mwanangu anaweza nini? Na mtoto naye aulizwe, maana ndiye atakayeketi miaka minne kwenye benchi lile.

Tatu, tuweke fedha na mahali pa kulala kabla ya Septemba. Si kila kituo kina njia zote za masomo. Huenda mtoto akahitaji kwenda Kindu. Shangazi au mjomba atakayempokea aombwe mapema, tena apelekewe mchele na mafuta ya mawese, mtoto asiwe mzigo wala mtumishi katika nyumba ya watu. Mpunga ukiuzwa, sehemu ya masomo itengwe kwanza, si kwa masalio.

Nne, binti. Hapa twasema kwa uchungu. Fedha zikipungua, wengi wamwachisha msichana ili kaka yake aendelee, hata kama pointi zake zawapita wote nyumbani. Kufanya hivyo ni kurudisha ule mpango wa 1948 kwa mikono yetu wenyewe. Mungu aliyempa akili hakumpa bure. Siku moja tutaulizwa habari ya talanta ile tuliyoizika.

Na yule aliyeanguka asitupwe. Likizo ni ndefu: apumzike, asaidie kazi, lakini kila siku asome ukurasa mmoja wa Kifaransa na kufanya hesabu chache. Vijana wa parokia waliokwisha kupata diploma waweza kuwakusanya wadogo zao mara mbili kwa juma. Kazi hiyo haihitaji jengo wala msaada wa kutoka mbali.

Wazazi wapenzi, Mgenya hangoji mtumbwi ufike katikati ya Lualaba ndipo atafute kasia. Babu zetu waliukuta mlango huu umefungwa, na hawakuwa na la kufanya. Sisi tumeukuta una ufunguo. Basi jioni ya leo tuitoe ile buletini sandukuni, tumwite mtoto aketi karibu, tuisome pamoja naye mstari kwa mstari.