Bugi la Jumapili na Msondo wa Bibi

Mjomba wangu ana suruali moja ya tetroni, nyembamba miguuni, ambayo haivai na hataki mtu aiguse. Iko ndani ya sanduku la bati nyumbani kwake Zinga, chini ya shuka na kadi za chama. Aliinunua Kariakoo mwaka 1969. Wakati huo alikuwa utingo wa lori lililopakia nazi na mkaa upande wetu wa Bagamoyo na kuvipeleka Dar es Salaam, na siku za kazi alivaa kaptula yenye viraka kama utingo mwingine yeyote. Suruali ilikuwa ya Jumapili. Tena si Jumapili nzima. Jumapili alasiri, saa za bugi.

Najua kuna wasomaji wa hapa mtakaouliza bugi ndiyo nini. Lilikuwa dansi la mchana la vijana. Wakubwa walikuwa na usiku wao, bia zao, na bendi zao zenye tarumbeta na saksafoni: NUTA Jazz, Dar es Salaam Jazz, Western Jazz. Vijana wakaachiwa alasiri. Mnaingia jua likiwa kali, mnatoka giza linaingia, na wengi wenu mmekunywa soda moja ya kuchangiana. Jukwaani wako vijana wenzenu wanne au watano, na magitaa ya umeme, drams, na mmoja mwenye sauti ya kukwaruza. Wanakopi rock and roll na soul: Elvis Presley, Beatles, halafu zaidi na zaidi James Brown, Otis Redding, Wilson Pickett. Bendi za namna hii, miaka ile na iliyofuata, zilijipa majina kama Sparks, Rifters, Trippers. Kiingereza chenyewe, mjomba anakiri, hakuna aliyekielewa sawasawa, waimbaji wakiwemo. Maneno yaliokotwa kwenye santuri kwa sikio, na pale sikio lilipokwama mwimbaji alijazia chochote kilichokuja mdomoni.

Nimeamua kuandika habari za msimu ule mmoja, kuanzia kipupwe cha 1969 mpaka Novemba, kwa sababu mwisho wake umekuwa ukitajwa kwa sentensi moja na watu wanapita. Serikali ya mkoa ilipiga marufuku soul. Na mkoa wenyewe ulikuwa wetu. Dar es Salaam ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Pwani, kwa hiyo Zinga, Kerege, Bagamoyo mjini na Kariakoo wote tulikuwa chini ya mkuu wa mkoa mmoja, Mustafa Songambele.

Lakini mzizi wa amri ile uko nyuma kidogo. Tarehe 10 Desemba 1962, Tanganyika ikiwa na siku moja tu tangu iwe jamhuri, Mwalimu Nyerere alihutubia Bunge, na katikati ya mambo mazito ya nchi akaingiza dansi. Akasema wengi wetu tumejifunza kucheza rumba, chachacha, rock and roll, twist, hata waltz na foxtrot. Je, ni wangapi wanaoweza kucheza, au hata wamewahi kusikia, gombe sugu, mangala, nyang'umumi, kiduo, lelemama? Ndipo akatangaza wizara mpya ya utamaduni na vijana. Mimi hotuba ile naipenda, sitaki kuficha. Mtoto wa Pwani ukikuta lelemama imetajwa na rais wa kwanza, lazima kifua kijae. Ila ukiisoma mara ya pili unaona orodha mbili zimewekwa kama mizani, kana kwamba mguu uliojifunza twist umesahau kiduo.

Pwani hii haijawahi kucheza hivyo. Muulize yeyote anayejua habari za beni. Tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza watu wa mwambao, kuanzia Lamu na Mombasa kushuka huku kwetu, waliyatazama magwaride ya bendi za kijeshi za Wazungu, wakatoa humo ngoma yao wenyewe, wakagawanyika Marini na Arinoti, na kushindana kwa sare na vyeo vya kujipa mpaka watu wakaingia madeni. Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Leo beni tunaihesabu kuwa ngoma ya asili. Kwa hiyo mambo haya yanahitaji muda tu, na muda ndicho kitu ambacho vijana wa bugi hawakupewa.

Turudi 1969. Mwaka ulianza vibaya kwa wavaa suruali nyembamba. Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa umepitisha Operesheni Vijana Oktoba 1968, na kuanzia tarehe 1 Januari mini, mawigi, suruali za kubana na mafuta ya kujichubua vikawa vitu vya kusakwa mjini. Watu wa rika lake husimulia kwamba suruali ilipimwa kwa chupa ya soda: ikidumbukizwa kiunoni ikatokea chini, umepona. Mjomba hakuwahi kupimwa kwa sababu hakuwahi kuivaa barabarani. Alitembea na kaptula yake, suruali imefungwa kwenye gazeti kwapani, akaenda kubadilishia chooni ukumbini. Akitoka, anaifunga tena. "Mimi nilikuwa watu wawili," ananiambia, na anacheka, lakini si sana.

Kumbi zenyewe anazikumbuka kwa joto lake. Arnautoglu pale Mnazi Mmoja, Amana kule Ilala, na baa ambazo mchana hazikuwa na wateja wa maana, kwa hiyo mwenye baa alifurahi kuuza hata soda. Vyombo mara nyingi havikuwa vya wapigaji. Vilikuwa vya tajiri fulani, na tajiri akikasirika bendi inakufa siku hiyohiyo. Waya wa gitaa ukikatika wanausubiri wote, maana wa akiba hakuna. Wimbo uliopendwa ulirudiwa mara tatu, nne, kila mara ukiwa mrefu zaidi, na hapo katikati ya kurudia ndipo mjomba anasema kitu kilianza kubadilika. Mpiga drams anachoka na mdundo wa James Brown, mkono unaanza kwenda nyumbani kwao. Wachezaji nao wanashuka mabega. Dakika kumi baadaye hakuna Mmarekani angeutambua wimbo wake.

Kuna hadithi moja ambayo nimesimuliwa tangu mdogo. Mwezi wa tisa mwaka huo lori la mjomba lilikuwa linarudi tupu, na vijana wa bendi moja wakaomba lifti wao na vyombo vyao, wanakwenda kupiga Bagamoyo. Barabara ya wakati ule ni vumbi tupu. Wakasimama Zinga kunywa maji. Watoto wakajaa, wapigaji wakashusha drams chini ya mwembe ili kujionyesha. Akaja mzee mmoja aliyekuwa fundi wa ngoma pale kijijini, akaigonga ile drams kubwa kwa kiganja, akasikiliza, akauliza moto uko wapi. Kwetu ngoma haipigwi mpaka ngozi ioteshwe moto, ikaze. Wakamwambia hii haiotwi, ni plastiki. Mzee akaigonga tena. Akasema inalia vizuri, lakini mtaijuaje ikichoka?

Mjomba huwa anaishia hapo. Nikimuuliza bendi ilijibu nini, anasema walikuwa na haraka.

Novemba amri ikatoka. Soul ilikuwa marufuku mkoani, kwa kulinda maadili ya vijana na utamaduni wa taifa. Vijana hawakukaa kimya. Barua zilimiminika magazetini, na hoja iliyonigusa mimi ni hii: soul ni muziki wa watu weusi ambao babu zao walichukuliwa Afrika kwa minyororo, sasa mnapoufukuza, mnamfukuza nani? Na mimi ninaongeza yangu. Mbona rumba haikuguswa? Morogoro kulikuwa na bendi iliyojiita Cuban Marimba, ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965 akiwa mpenzi wa nchi nzima. Cuba imo kwenye jina kabisa! Hakuna aliyemwona Salum Abdallah kuwa mgeni. Rumba ilikuwa imewahi kufika, watu wazima walioana nayo, walizaliwa watoto nayo. Kosa la soul lilikuwa kupendwa na watoto wa shule kabla wazazi wao hawajaizoea. Nadhani ndivyo ilivyo, na sidhani kwamba Songambele alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mzima.

Mjomba anasema neno lilitoweka kwenye mabango kabla mdundo haujatoweka ukumbini. Bendi zilijifunza. Mwaka 1970 likaanzishwa Dar kundi la Sunburst, rock yenye magitaa ya kunguruma, wakiimba Kiswahili na Kiingereza. Patrick Balisidya, kijana wa Dodoma, aliongoza Afro 70 kwa mtindo aliouita Afrosa, na mwaka 1977 nchi ikawachagua hao hao wenye magitaa ya umeme kuiwakilisha Tanzania kwenye FESTAC kule Lagos, tamasha la utamaduni wa Mwafrika. Miaka minane tu tangu ile amri. Sunburst hawakuwa na bahati hiyo. Nchini hapakuwa na kiwanda cha kufyatulia santuri, na albamu yao, Ave Africa, ilitoka Zambia mwaka 1976. Vijana wengi wa Dar waliisikia kwa mara ya kwanza mwaka 2016, kampuni ya London ilipoitoa upya. Mimi ni mmojawapo, nikiwa na mvi.

Bendi kubwa za usiku nazo zilipata njia, na njia yao ndiyo inayonisumbua. Kila bendi ilikuwa na mtindo, yaani jina la mchezo na mdundo wake: Western Jazz walikuwa na Saboso, Safari Trippers ya Marijani Rajab Sokomoko. NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoanzishwa 1964, ikajiita Msondo. Baadaye, 1978, ikazaliwa Mlimani Park, nayo ikachukua Sikinde, ngoma ya ukae, yaani ya nyumbani kwa Kizaramo. Wasomi husifia jambo hili. Mwalimu alidai ngoma zetu, wanamuziki wakaziweka ndani ya baa, zikiwa na gitaa la besi. Kila mtu kafurahi.

Bibi yangu hakufurahi. Kwetu msondo ni ngoma ndefu ya unyago. Inapigwa mwali anapochezwa, na yanayosemwa pale ni ya wanawake. Mwanaume halitamki jina lile mbele ya mama yake hivihivi tu. Nakumbuka miaka ya themanini, NUTA ikiwa imeshakuwa JUWATA, tumekaa barazani jioni na redio ya mkulima. Mtangazaji akasema kwa furaha kwamba sasa ni zamu ya Msondo. Bibi alinyanyuka na kuingia ndani. Hakuzima redio, hakugomba. Aliingia tu, na mama akapunguza sauti. Siku hiyo sikuelewa. Nilidhani hapendi magitaa, kumbe magitaa hayakumshughulisha kabisa. Elvis na James Brown hawakumchukulia chochote. Waliomchukulia ni wale waliokuwa wakisifiwa kwa kuenzi mila.

Sisemi Msondo ibadilishe jina. Bendi ile imepita NUTA, JUWATA, OTTU, na leo jina lililobaki ni lile alilolikimbia bibi: Msondo Ngoma. Ninazipenda nyimbo zao kufa, na likifika chemko, pale magitaa yanaposhika na tarumbeta zinajibu, hata mimi hukumbuki tena nani alimchukulia nani. Nasema tu kwamba kwenye orodha zote mbili za mwaka 1962, ya kigeni na ya kwetu, hakuna mahali pa kuandika yule mzee aliyeuliza moto uko wapi, wala mwanamke anayeondoka barazani.

Mjomba naye aliijua habari ya msondo vizuri kuliko mimi. Baada ya amri, bugi likilegea, rafiki yake mmoja wa bandarini alimkatia tiketi ya NUTA usiku. Ile suruali alikuwa nayo, sasa akaivaa bila hofu maana usiku hakuna anayepima. Alicheza mpaka alfajiri, akapanda lori bila kulala. Alipofika Zinga mama yake, bibi yangu, akamuuliza mbona macho mekundu, usiku kucha ulikuwa wapi.

Hakuweza kulitamka lile jina. Akamwambia alikuwa kwenye mkutano wa chama cha wafanyakazi.

Bibi akauliza walikuwa wanajadili nini mpaka asubuhi. Mjomba akasema mishahara.